Mshono wa Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza daftari hili kwa sababu mume wangu amesema nikiendelea kumlalamikia yeye peke yake msimu mzima, atahamia kwa dada yake mpaka tamasha liishe. Basi nitailalamikia karatasi, yenyewe haina pa kuhamia.

Tamasha la dansi linaanza Ijumaa. Ni msimu wa thelathini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo sakafu nimeitandika mimi. Watu wakisikia kazi yangu wanadhani napiga deki. Deki napiga, ndiyo, lakini kazi yenyewe ni mikeka. Tunaiita mikeka ingawa ni vipande saba vya mpira mweusi, vizito kama mizigo ya dhambi, vinavyotandikwa juu ya mbao za jukwaa ili mchezaji asiteleze wala kuchomwa na kijiti. Vinalazwa ubavu kwa ubavu. Mikeka saba, mishono sita, na kila mshono unafungwa kwa tepu pana.

Kila niliyefanya naye kazi nimemwambia jambo moja: mkeka ukifunguliwa lazima ulale. Siku nzima, na ikiwezekana zaidi. Mpira uliokaa umekunjwa mwaka mzima hauwi tambarare kwa kuamrishwa. Ukiupiga tepu kabla haujalala, taa zikiwaka unapata joto, unavimba, na pale kwenye mshono kinainuka kijituta. Hakizidi unene wa kidole. Kwa mtu anayeshuka kutoka hewani, kidole kinatosha.

Leo nimeifungua yote saba. Imelala.

Jumanne, 4 Juni

Joto. Mikeka inalala, mimi silali.

Alhamisi, 6 Juni

Wameanza kuingia. Huhitaji kuambiwa, nenda posta tu uone foleni: watu sita wamesimama kwa mguu mmoja, wa saba amepandisha wake juu ya kaunta anaunyoosha huku akiulizia stempu. Mlinzi wa benki ameanza ugomvi wake wa kila mwaka na wanaolala chali kwenye ngazi zake. Duka la dawa limeishiwa bandeji. Nyumba za wageni zimejaa mpaka mwenye saluni amepangisha chumba chake cha kukaushia nywele.

Miji mingine ina mpira wa miguu. Sisi kwa miaka thelathini na tisa tumekuwa na hili, kwa hiyo hapa kila mtu ni mtaalamu. Muuza nyama amenikatia nusu kilo ya mbavu leo huku akiniambia kundi la mwaka jana lilikuwa na mikono mizuri lakini magoti mazito. Yeye mwenyewe akipanda kiti anahema.

Halafu akaniuliza, "Na mdogo wako mwaka huu anacheza kweli, au ni jina tu limewekwa kwenye ratiba?"

Nikamwambia aniongezee mfupa.

Ni kweli, anacheza. Jumamosi ya tarehe 29, ndiyo ya kufunga tamasha. Atakuwa peke yake jukwaani, baada ya miaka kumi na moja. Nimeisoma ratiba mara nne nikidhani jina lake litaondoka.

Ijumaa, 7 Juni

Ufunguzi umekwenda salama. Sakafu haikusemwa na mtu, na sakafu isiposemwa ndiyo imesifiwa.

Niandike desturi yetu ili niwe nayo mbele ya macho. Kabla ya kila onyesho, mchezaji anavua viatu, anatembea nami juu ya mishono yote sita, anausikiliza kila mmoja kwa unyayo. Akiridhika anatia sahihi kwenye daftari la sakafu. Kumkubalia fundi bila kukagua haifanyiki. Nimeona mara moja tu ikifanyika.

Jumanne, 11 Juni

Amefika. Nilikwenda stesheni nimevaa gauni la kitenge ambalo sijui kwa nini nililivaa. Akashuka na begi moja, nywele fupi, mvi mbili tatu za mbele. Ana miaka arobaini na sita sasa. Kwenye ngazi za behewa alitanguliza mguu wa kulia, kisha akaushusha wa kushoto taratibu kama anayemshusha mgonjwa.

"Dada," akasema, "umenenepa vizuri."

"Na wewe umekonda vibaya."

Tukacheka, tukakumbatiana, mume wangu akabeba begi. Nimemtandikia chumba cha marehemu mama, ukuta kwa ukuta na chetu. Amelala sasa. Nami nipo jikoni nimekaa roho juu kama ninayesubiri kuitwa na polisi.

Jumatano, 12 Juni

Alfajiri nimesikia sauti ukutani. Nikadhani anaongea na simu. Nikatega sikio.

"Umeamkaje, mheshimiwa?" Kimya. "Leo utanipa ushirikiano, au ndiyo yale yale?" Kimya. "Sawa. Nakufunga, na usilalamike."

Anaongea na goti lake. La kushoto.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda kuchemsha chai, nikaiacha ikamwagikia jiko.

Jumamosi, 15 Juni

Joto halipungui. Mheshimiwa ameulizwa hali tena leo, na jana, na juzi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimegombana na Mkurugenzi. Huyu ni mpya, amekuja mwaka jana, kijana wa suruali fupi anayetembea na simu mbili na kuzisikiliza zote kwa pamoja. Ameniletea ratiba mpya ya Jumamosi ya kufunga. Mchana, saa nane, kundi la viatu vya visigino, linalotaka mbao tupu. Jioni, saa moja, mdogo wangu, anayetaka mikeka. Maana yake nikunje mikeka yote asubuhi, na saa kumi niitandike upya. Nabaki na muda wa saa tatu tu.

"Haiwezekani," nikamwambia.

"Mama Sakafu," ndivyo wanavyoniita, "wenzako miji mingine wanatandika kwa saa moja."

"Basi waite hao wenzangu."

"Nipe sababu tu. Sababu nitaielewa."

Sababu yenyewe sikuitoa. Nilichosema ni kwamba mimi sitandiki kwa kukimbizwa, akitaka anifukuze. Nikaondoka nimebeba dekio la mtu mwingine. Nilirudi kulirudisha, tukapishana mlangoni bila kusemezana.

Jumanne, 18 Juni

Sina la kuandika. Nimeandika hivyo ili nisiandike.

Alhamisi, 20 Juni

Leo wakati wa chai mdogo wangu amesema, kama anayesema ameacha sukari, "Nimeutoa mruko."

Ngoma yake ina mruko mmoja tu, katikati. Aliyeitunga aliuweka pale makusudi: dakika kumi na mbili mchezaji hanyanyui miguu kutoka sakafuni, anaburuta, anatambaa, halafu mara moja tu anaruka. Bila mruko ule ni mwanamke anayetembea.

"Utaweka nini badala yake?" mume wangu akauliza.

"Nitatembea."

"Watu watapitiwa na usingizi."

"Shemeji, huu mguu siuamini." Akaupiga kofi dogo gotini. "Mwaka ule sikuwa nimechoka, wala sikuumwa. Nilikuwa katika siku zangu nzuri kuliko zote. Ukaamua tu kuniangusha mbele ya watu mia sita. Miaka kumi na moja sijaruka hata juu ya dimbwi. Nazunguka."

Akaniangalia mimi. "Si ndiyo, dada? Wewe ulikuwepo."

Nikasema kuna mkate uko jikoni.

Sasa nitaliandika, kwa sababu likibaki ndani nitapasuka.

Mwaka ule mama alikuwa bado hai, kitandani, katika chumba kile kile. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namwogesha, namlisha. Mdogo wangu alikuja siku mbili kabla ya onyesho, mabegi matatu, zawadi, manukato, na mama akamng'ang'ania mkono mchana kutwa huku mimi nafua shuka. Nikaona wivu. Niseme wazi: wivu. Jioni ya kuamkia onyesho nikamwambia naye akae zamu walau wiki moja baada ya tamasha, akasema ana mkataba mahali pengine, tukapandishiana sauti. Nilitakiwa niende ukumbini jioni ile ile kuifungua mikeka ili ilale. Sikwenda. Nilikaa nimenuna, nikajiambia acha isubiri, na yeye asubiri, kila siku nasubiri mimi.

Asubuhi nikaja nimechelewa. Nikaifungua na kuipiga tepu saa ile ile, baridi, ikiwa bado inataka kujikunja. Nilijua. Mikono yangu ilijua. Nikajiambia mara moja tu haitadhuru.

Mchana akaja kwa ukaguzi. Nikamnyooshea daftari. Hakuvua hata viatu. Akacheka, akasema, "Sakafu ya dada yangu siikagui," akatia sahihi. Nadhani ilikuwa namna yake ya kupatana. Nami nikakubali, nikafunga daftari.

Taa zikawaka. Mshono wa tatu ukainuka. Akashuka kutoka hewani, kidole cha mguu kikakwama, goti likageuka upande usiokuwa wake. Niliusikia mlio kutoka nyuma ya pazia. Walipokuwa wanambeba nje, watu wote macho kwake, mimi nilipiga magoti pale pale nikaibandua tepu ya mshono wa tatu, nikaviringisha mkeka. Nikasema ni kwa ajili ya usalama.

Pale ukumbini hakuna aliyeniuliza lolote. Magazeti yakaandika kwamba mchezaji alikuwa amechoka.

Ijumaa, 21 Juni

Mheshimiwa amefungwa bandeji mbili leo. Nimesikia kila mzunguko.

Jumapili, 23 Juni

Nimeamua kumwambia. Nilimkuta uani anaanika nguo zake. Nikasimama. Nikasema, "Mdogo wangu, kuna kitu."

"Sema, dada."

"Yale maharage ya jana."

"Yamefanya nini?"

"Yalikuwa na chumvi nyingi?"

Akanitazama muda mrefu, akasema yalikuwa mazuri. Mume wangu alikuwa dirishani. Jioni ameniuliza kama nina homa.

Jumanne, 25 Juni

Kuna mtu ambaye sijamwandika humu kwa sababu simpendi. Fundi Taa. Tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, yeye juu kwenye daraja la taa, mimi chini. Zamani tulikuwa tunagawana chai. Kisha ghafla akawa hanitazami usoni, salamu zake zikawa za kukata. Nikasema mwanamume huyu amepata majivuno, nami nikampa kisogo. Ni miaka kumi na moja sasa, na mjinga mimi sikuwahi kuihesabu.

Leo nilikuwa nalainisha mshono wa tatu kwa kiganja, bila sababu, ulikuwa tambarare kama meza. Akashuka ngazi yake, akasimama karibu.

"Jumamosi nitamwagia taa za pembeni," akasema. "Zile za chini. Zinaonyesha kila kitu, hata punje ya mchanga ina kivuli chake."

Nikaendelea kulainisha.

"Mwaka ule pia nilitumia za pembeni," akasema.

"Uliona."

"Niliona mstari mweusi, kutoka huku hadi huku. Nikaita kwenye spika, spika ilikuwa imezimwa. Nikasema nizime taa. Nikasema hapana, nikizima yuko hewani." Akakuna shingo. "Nilikuwa bado nafikiria alipoanguka."

"Hukuniambia lolote."

"Nilidhani unajua kwamba najua. Nikawa nasubiri uanze wewe."

Tukabaki tumesimama pale, wazee wawili wajinga. Kumbe hakuwa na majivuno. Alikuwa anaona aibu, yangu na yake. Nikamwambia nitamwambia mdogo wangu kesho. Akasema, "Kesho kabla ya mazoezi. Akishaingia mazoezini mwache." Kisha akaniletea chai. Bado anaitia sukari kupita kiasi.

Jumatano, 26 Juni

Nimemwambia.

Nililitoa daftari la sakafu la mwaka ule kabatini. Mume wangu nilimtuma gengeni kwa vitunguu ambavyo tulikuwa navyo. Mdogo wangu alikuwa jikoni, mguu juu ya kiti, anafunga bandeji. Nikaliweka daftari mezani mbele yake, nikalifungua.

"Hii sahihi ni yako?"

Akainama. "Ni yangu. Mbona umeitunza, utadhani cheti cha ndoa."

"Siku ile hukukagua."

"Sakafu yako niikague ya nini?" Alikuwa anacheka.

Nikasema, "Haikulala."

Mkono wake ulikuwa na bandeji, umeizungusha mara mbili. Ukasimama. Amecheza tangu ana miaka kumi na tano. Hilo halikuhitaji maelezo.

"Ililala kwa saa ngapi?"

"Haikulala kabisa. Niliifungua asubuhi nikaipiga tepu papo hapo."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tumegombana. Nilinuna."

"Tuligombana kuhusu nini?"

Hakumbuki. Mimi nimeutunza ugomvi ule kama nilivyoitunza sahihi, kila neno, na yeye hana hata herufi moja yake.

"Mama," nikasema. "Zamu za kumwangalia mama. Nilikuwa na wivu. Nikaja nimechelewa, nikajua ni baridi, nikaipiga tepu hivyo hivyo. Taa zilipowaka ikavimba. Ulipoanguka nikaibandua kabla mtu hajaona."

"Mshono upi?"

"Wa tatu."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa anatembea juu yake, huko ndani. Alipofumbua alisema kwa sauti ndogo kabisa, "Niliuhisi. Nilimwambia daktari, nimejikwaa. Akaniuliza kwenye nini, jukwaa si ni tambarare. Nikakuuliza wewe. Ulikuwa umekaa pale kitandani, umenishika mkono. Nikasema, dada, kulikuwa na kitu pale chini? Unakumbuka ulivyonijibu?"

Nakumbuka.

"Ulisema, labda ulichoka, mdogo wangu."

Jiko lilikuwa linatoa sauti ya maji yanayochemka, na hakuna aliyekwenda kulizima. Nikaanza kueleza tena, mambo ya joto, ya mpira, ya tepu, nikijisikia ninavyoropoka. Akainua mkono ninyamaze. Akaifungua bandeji, mzunguko kwa mzunguko, akaikunja vizuri, akaiacha mezani. Akatoka. Kwenye ngazi za nyuma alishuka haraka, mguu wowote mbele.

Mume wangu akarudi na vitunguu. "Kuna nini?" Nikamweleza yote. Akavipanga vitunguu mezani, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Na siku zote hizi tumekuwa tukilicheka goti lake."

Alhamisi, 27 Juni

Alitaka kuhama. Nilimwona asubuhi na begi. Akazunguka nyumba za wageni zote, kisha mabweni ya chuo, kisha mwenye saluni. Mji mzima hauna kitanda. Saa sita akarudi na begi lake, akapita sebuleni kama anayepita mtaa asioujua, akafunga mlango wa chumba cha mama. Tamasha limetufungia ndani ya nyumba moja.

Leo ukuta haukusema kitu. Mheshimiwa hakusalimiwa.

Mchana nimekwenda kwa Mkurugenzi. Nikamwambia, ulitaka sababu, sababu hii hapa. Nikamwambia yote, nikamwekea funguo za stoo mezani. Alizima simu zote mbili. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari nimeshasema moyoni maneno ya kumjibu, mengine mabaya.

Akauliza, "Ili ilale vizuri, uanze lini?"

"Kesho asubuhi. Leo imekunjwa, wa jioni wanacheza juu ya mbao."

"Basi kundi la visigino nitalipeleka mbele ya posta, kwenye saruji. Watapiga kelele, lakini ndiyo kazi yao." Akanisukumia funguo. "Kuhusu mwaka ule, mwenye kesi ni mdogo wako, si mimi. Ila ungenipa hiyo sababu siku kumi zilizopita, nisingekuita mkaidi kwenye kikao."

"Uliniita mkaidi?"

"Mara mbili."

Suruali zake bado ni fupi, lakini nimeanza kuzizoea.

Ijumaa, 28 Juni

Nimeifungua saa mbili asubuhi. Mawingu, mvua haishuki. Nimekaa kwenye kiti pembeni ya jukwaa nikiilinda kama mtoto mwenye surua. Mdogo wangu amefanyia mazoezi ukumbi mwingine. Chakula nilichomwekea amekula, sahani ameiosha, neno hakuna.

Jumamosi, 29 Juni

Saa nne nilipiga tepu. Saa nane akaingia ukumbini. Walikuwepo Mkurugenzi, Fundi Taa juu kwenye daraja lake, na wachezaji kadhaa waliokaa viti vya mbele wakila ndizi. Nje mbele ya posta visigino vilikuwa vinapigwa kama mvua ya mawe.

Hakunisalimu. Akakaa chini akavua viatu, akavua na soksi, akaziweka ndani ya viatu. Akasema, "Leo nakagua."

Akaanza mshono wa kwanza. Unyayo wote, kisigino, ukingo wa nje, vidole. Mimi nyuma yake na daftari. Wa pili vile vile. Wa tatu akafika katikati, akasimama, akapiga magoti akaupitishia kiganja, kisha shavu. Ndiyo, alilaza shavu lake juu ya mpira.

"Bandua," akasema.

Ulikuwa tambarare. Mimi nilijua, naye alijua. Nikabandua tepu yote, mita kumi na mbili, nikasafisha gundi, nikapiga mpya. Nilikuwa natokwa jasho, mgongo unaniwaka. Akapita tena.

"Bandua."

Mmoja wa wachezaji wale akataka kusema kitu, Mkurugenzi akamzuia kwa mkono. Nikabandua. Nikapiga upya. Fundi Taa, bila kuambiwa, akawasha taa za pembeni. Hapakuwa na mstari wowote, hata wa unywele.

Akapita mara ya tatu, polepole sana. Kisha akaendelea wa nne, wa tano, wa sita. Akanyoosha mkono nimpe kalamu. Hakutia sahihi peke yake. Aliandika, "Nimeikagua mwenyewe," ndipo akatia.

Jioni nilisimama nyuma ya pazia, pale pale. Muuza nyama alikuwa safu ya pili, amevaa koti. Mdogo wangu akaburuta, akatambaa, dakika kumi na mbili. Sikujua atatembea au la. Hakuna aliyejua, hata mtunzi aliyekuwa ameng'ata leso. Akafika mshono wa tatu, akasimama kwa muda ambao haupo kwenye ngoma. Nikamwona anaangalia chini, si gotini, ila sakafuni.

Akaruka.

Nilifumba macho, niseme ukweli. Niliposikia ameshuka, kilikuwa kishindo kidogo tu, cha unyayo mmoja halafu wa pili. Nilipofumbua alikuwa anaendelea, na mashavu yangu yalikuwa yamelowa. Mvua ilianza wakati watu wanapiga makofi, na kwa muda hatukujua kipi ni kipi.

Muuza nyama amenisimamisha mlangoni. "Magoti mepesi," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Jumatatu, 1 Julai

Mvua usiku kucha, asubuhi imekatika. Mji unavua vazi lake. Foleni ya posta imesimama kwa miguu miwili.

Kabla ya jua kutoka nilisikia sauti ukutani. Nikajua ni ile, nikamshika mume wangu asikohoe.

"Mheshimiwa," alisema. "Nilikusingizia. Miaka kumi na moja nilikutukana kila asubuhi, na wewe ulikuwa hujafanya kitu. Niwie radhi."

Akalia. Nasi upande wa pili tulikaa kitandani kama watoto waliofumaniwa.

Saa mbili alitoka na begi. Nikataka kulibeba, akalishika mwenyewe. Nikamfuata hadi mlangoni nikianza tena, kwamba mwakani nitaifungua siku mbili kabla, kwamba nimemwomba Mkurugenzi anunue mikeka mipya, kwamba joto la mwaka huu.

"Dada," akasema. Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia tangu ukumbini. "Umenieleza kila kitu. Mpira, tepu, taa, wivu, mama. Nimeelewa mpaka ninaweza kutandika sakafu mwenyewe. Kuna neno moja hujalisema."

Nilisimama pale kwenye mlango wa nyumba yetu, mwanamke wa miaka hamsini na nne, nikatafuta neno gani. Kweli nilitafuta. Nimeandika kurasa zote hizi, nimezipitia sasa hivi, na yeye amesema kweli: halimo.

Nikasema, "Nisamehe."

Aliniangalia mpaka nikatamani kuangalia pembeni, sikuangalia.

"Nimesikia," akasema.

Akashuka ngazi. Chini ya ngazi mvua ilikuwa imeacha dimbwi, si kubwa. Hakulizunguka.